Namba Iko kwa Asmaa

Jumatatu, 30 Mei 2016

Namba ya saa kumi jioni: 8.9. Chakula: ndizi za kupika na maharage. Sindano: asubuhi na jioni.

Sista Clotilda wa kliniki ya sukari amenipa daftari hili niandike hayo matatu tu. Lakini lina kurasa mia mbili na namba ni fupi, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Jambo la leo ni kihisi. Daktari mgeni wa hospitali ya misheni anarudi kwao, na ameniachia vihisi vitatu na mashine moja ya kuvisoma. Kihisi ni kiduara cheupe kinachobandikwa nyuma ya mkono, na kina uzi mwembamba unaoingia ndani ya ngozi. Unapitisha mashine juu yake, hata juu ya nguo, namba ya sukari ya damu inatokea pamoja na mshale: juu, chini au ubavuni. Hakuna kujitoboa kidole. Kila kimoja kinaishi siku kumi na nne.

"Ukikibandua kabla, kimekufa," alisema Sista Clotilda. "Na mashine inasoma kimoja tu. Ukiwasha kipya, inakisahau cha zamani."

Nimepiga hesabu. Vitatu vitanifikisha tarehe 11 Julai, siku ya kufungua shule.

Bibi Biubwa alikitazama mkononi mwangu akasema, "Wamekushonea kifungo cha shati." Sasa nyumba nzima inakiita kifungo.

Alhamisi, 2 Juni

7.0. Kliniki. Niliketi karibu na msichana wa Burundi aliyepakata mtungi mdogo wa udongo. Mimi siwezi kuanza mazungumzo na mtu nisiyemjua, lakini yeye alianza.

"Unautazama mtungi wangu. Ni friji."

"Friji?"

"Ndani kuna mchanga wenye maji, katikati insulini. Baba alivuka mpaka ameubeba kichwani. Wenzake wamebeba magodoro, yeye kabeba mchanga. Watu walimcheka mpaka tukafika Kirushya, upande wa huku."

Anaitwa Nimpaye. Ana miaka kumi na tano, mmoja pungufu yangu. Baba yake, mzee Bukuru, alikuwa amesimama ukutani ameshika kofia. Wako kituo cha wakimbizi cha hapa karibu, wanasubiri mabasi ya kuwapeleka kambini Kibondo. Mama yake hakuvuka. Kiswahili alikipata soko la mpakani la Kobero, mama yake alipokuwa akiuza vitenge.

"Sukari ikishuka wewe unajuaje?" aliniuliza.

"Natetemeka. Natoka jasho."

"Mimi siku hizi sitetemeki. Nazima tu, kama taa."

"Sasa unafanyaje?"

"Nakisia. Siku ikikaa vibaya kichwani, nalamba sukari."

Nilimwambia hiyo si njia sahihi. Nilisema kama kitabu cha biolojia kinavyosema. Alicheka, akaniita Daktari.

Ijumaa, 3 Juni

6.1. Shule imefungwa. Nimekuwa wa nne. Baba alisema "vizuri" bila kuinua macho kutoka kwenye mzani. Duka letu lilikuwa na watu.

Jumanne, 7 Juni

5.8 wakati wa daku. Ramadhani imeanza.

Miaka mitano sijafunga. Shehe alishasema kwa ugonjwa wangu si lazima, na daktari alisema hivyo hivyo. Lakini nyumba yetu iko njia panda, duka liko mbele, na Bibi ana maneno yake: "Babu zetu walitoka Pwani wakaja Biharamulo na nguo na msahafu. Huku watu wanatutazama sisi kujua mwezi huu ukoje." Kwa hiyo miaka mitano nimekula mchana nikiwa stoo, nyuma ya magunia ya mchele, upesi upesi, kama mwizi wa chakula changu mwenyewe. Nadhani Bibi ananionea haya.

Mwaka huu nina kifungo. Nitafunga kama watu. Nitaangalia namba kila saa, na ikishuka chini ya nne nitafungua. Sijamwambia Sista Clotilda.

Jioni: 4.6. Nimefika. Nilifuturu mezani na wote, tende ya kwanza mkononi wakati wa adhana. Baba alinitazama akatabasamu. Bibi alikuwa akiitazama mashine.

Alhamisi, 9 Juni

5.1. Nimpaye amekiona kifungo. Nilimwonyesha mimi mwenyewe, nikijivuna. Alipitisha mashine juu ya mkono wangu, akapiga kelele mpaka Sista Clotilda akamwambia anyamaze.

"Hii inaona ukiwa umelala pia?"

"Hata ukiwa umelala. Mtu akipitisha tu."

Akaigeuzageuza mashine mkononi. "Baba halali," alisema. "Usiku ananiamsha kila saa anisikie nikijibu. Akiwa na hii angeniacha nilale na yeye alale." Kisha: "Niazime."

Alidhani ni kama kitana, mtu anaazima na kurudisha. Nilimweleza kwamba kikibanduliwa kinakufa.

"Basi nipe kile kingine. Si umesema viko vitatu?"

Nilisema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Jumatatu, 13 Juni

Kifungo cha kwanza kimekufa leo saa nne. Niliweka viwili vilivyobaki kitandani, nikavitazama muda mrefu. Nikabandika cha pili. Mkononi mwangu.

5.9.

Jumatano, 15 Juni

4.4 jioni. Upepo wa kiangazi, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari ya kupima dukani.

Alhamisi, 16 Juni

Sikwenda kliniki. Nilimwambia Baba dawa bado ipo.

Jumamosi, 18 Juni

4.2. Siku ya kumi na mbili.

Jumatatu, 20 Juni

Naandika kwa taabu, mkono bado mzito.

Leo saa tisa mashine ilisema 4.0. Saa kumi ikasema 3.4, mshale chini. Nilikuwa nasaidia dukani. Niliijua kanuni yangu, niliiandika mwenyewe humu. Lakini wanawake wawili wa msikitini walikuwa wamesimama kwenye kaunta, mmoja akasema, "Asmaa mwaka huu anafunga, mashallah." Nikaona zimebaki saa tatu hivi kufika magharibi, si nyingi. Nilikwenda stoo nikaketi. Nakumbuka magunia. Nakumbuka 2.6, kisha sikumbuki.

Niliamka kichwa changu kikiwa mapajani mwa Bibi na kidole chake kikiwa ndani ya shavu langu, kinasugua sukari kwenye ufizi. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona Bibi akilia, hata alipozikwa Babu.

"Nani kakutuma?" alikuwa akisema. "Nani kakutuma ufunge, mtoto wewe? Mimi?"

"Nilidhani unanionea haya."

Alifuta macho kwa ncha ya khanga. Halafu akasema, "Nilikuficha stoo watu wasikusumbue kwa maswali. Hukuwa ukitaka kusemeshwa na watu tangu mdogo. Nilidhani nakusitiri."

Nimeyaandika kama alivyosema ili nisiyabadilishe baadaye.

Jumanne, 21 Juni

7.4. Mchana Bibi aliweka uji na viazi sebuleni. Akavuta kigoda akaketi mlangoni, mgongo wake kwangu, tasbihi mkononi, yeye mwenyewe amefunga. Mwanamke mmoja akachungulia.

"Shikamoo Bi Biubwa. Kumbe watu wanakula?"

"Marahaba. Mjukuu wangu anakula. Wewe unataka nini, chumvi au mafuta?"

Jumatano, 22 Juni

6.6. Nilimweleza Bibi habari za Nimpaye. Zote, pamoja na Alhamisi niliyoikwepa kliniki. Nilitegemea anigombeze.

"Kile kilichobaki ni cha nani?" aliuliza.

"Changu."

"Sawa," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 23 Juni

8.0. Kliniki. Nimpaye amekonda. Sista Clotilda anasema wiki iliyopita alizima mara mbili, mara moja kwenye foleni ya maji. Hakunikumbusha kifungo. Aliniuliza tu kama nilikuwa naumwa, kwa kuwa hakuniona.

Nikasema Jumatatu cha kwangu kikiisha, kilichobaki ni chako, na mashine.

"Na wewe?"

"Mimi natetemeka," nilisema.

Jumatatu, 27 Juni

Kuanzia leo namba za daftari hili ni za Nimpaye. Sista Clotilda alimbandika mwenyewe, mimi nikawasha mashine. Saa nzima tukaisubiri ifunguke, mzee Bukuru ameikodolea macho kama anayesubiri chungu kichemke. Ya kwanza: 9.7. Mzee aliishika mikono yangu yote miwili na kusema maneno ya Kirundi ambayo Nimpaye alikataa kuyatafsiri.

Nilimwandikia Nimpaye kanuni kwenye karatasi, nikamwambia azisome kwa sauti. Ya kwanza: Usile pipi wala sukari kabla ya kuona namba. Maana alikuwa amezoea kulamba ovyo, na ndiyo sababu mchana sukari yake hupanda mpaka ishirini. Nikampa pipi nane za dukani, za tahadhari.

"Kabla ya kula, namba," alikariri, akipiga saluti. "Ndiyo, Daktari."

"Usicheke. Hii ni kanuni."

"Sicheki. Naapa. Namba kwanza."

Jumanne, 28 Juni

Nimepeleka futari kituoni kabla ya jua kuzama: viazi na maharage kwenye bakuli la bati la maua ya bluu. Mlinzi alinipokea getini kisha Nimpaye akaja. Namba yake: 7.1. Mzee Bukuru amelala usiku mzima. Nimpaye anasema amekoroma mpaka majirani wa hema wamelalamika.

Jumatano, 29 Juni

6.3. Nimepeleka bakuli la pili, amenirudishia la kwanza likiwa na konzi ya maharage mabichi ndani. Kwao kama kwetu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilimwambia asitoe mgawo wake. Akasema, "Mama angefufuka anichape."

Alhamisi, 30 Juni

6.2, mshale ubavuni. Hiyo niliisoma mwenyewe mkononi mwake.

Leo hakuwa na maharage. Ndani ya bakuli alilolirudisha ameweka mashine, imefungwa kwenye leso. "Betri inakaribia kuisha," alisema. "Nichajie dukani. Angalau bakuli halirudi tupu." Tulicheka sana. Nikamwachia lile jingine lenye tambi, nikamwambia nitaileta kesho pamoja na futari.

Ijumaa, 1 Julai

Mashine ilijaa chaji kabla ya saa sita mchana. Ninaandika hilo kwanza kwa sababu ndilo la kweli kuliko mengine yote.

Saa sita nilivaa viatu niipeleke. Bibi alikuwa ameanza kukaanga sambusa, Ijumaa ya mwisho ya mfungo. Alisema, "Unakwenda mikono mitupu? Ngoja ziive, uwapelekee na sambusa." Nami nilikubaliana naye. Sikutaka kufika kwa watu na mashine tu, kama fundi. Nilitaka kufika na bakuli lililofunikwa, sambusa za moto, na mashine juu yake kwenye leso yake iliyofuliwa. Niliifua hiyo leso, nikaianika. Niliketi nikasoma kitabu ikikauka.

Niliondoka saa tisa na nusu.

Getini hapakuwa na foleni. Hema zao zilikuwa wazi, turubai zinapigwa na upepo. Mlinzi alisema mabasi yalikuja bila taarifa saa saba, majina yakasomwa kwa kipaza sauti, na watu walipewa nusu saa. Hata chakula cha mchana hakikugawiwa, walisema watakula mbele ya safari.

"Yule rafiki yako alikuulizia," mlinzi alisema. "Aliomba atoke akimbilie dukani kwenu. Hawakumruhusu, jina lake lilikuwa limeshasomwa."

Niliuliza basi lina muda gani. Akasema, "Sasa wameshapita Nyakanazi."

Nilisimama pale na bakuli. Sambusa zilikuwa bado za moto.

Nimepitisha mashine juu ya mkono wangu mwenyewe, mahali palipokuwa kifungo. Haioni kitu. Inasema tu: siku 10 zimebaki.

Jumamosi, 2 Julai

Siku 9. Baba amepiga simu kwa mtu anayemjua Kibondo. Haikupokelewa.

Jumapili, 3 Julai

Siku 8. Bibi ameniuliza mara mbili kama nimekula. Nimekula. Najitoboa kidole: 11.3.

Nikawaza hivi: Nimpaye aliishi miaka mitatu na ugonjwa huu kabla ya mashine. Alikuwa anakisia, na alikuwa mzima.

Jumatatu, 4 Julai

Siku 7. Sista Clotilda amesema ataulizia kambini kwa watu wa hospitali.

Jumatano, 6 Julai

Siku 5. Idi. Gauni jipya la kijani. Watoto wa majirani, Wakristo na Waislamu, wamekula pilau kibarazani mpaka sufuria likakwanguliwa. Bibi alipakua sahani moja akaifunika, akaiweka kando. Jioni ilikuwa bado ipo.

Alhamisi, 7 Julai

Siku 4. Luhende anapeleka maharage Kibondo kwa lori lake. Huyu ndiye dereva anayechukua mzigo kwa Baba, na huniita Mwalimu kwa sababu kila akija ananikuta na kitabu.

"Mwalimu, leo unanipa mzigo gani? Madaftari?"

Nilimpa mashine kwenye leso, waya wa kuchajia, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa: NIMPAYE, BINTI WA BUKURU. Nikamweleza mara tatu. Aliacha utani. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kishikizo.

Siku nne bado zinatosha. Siku nne ni nyingi.

Ijumaa, 8 Julai

Sina mashine ya kuniambia, lakini ni 3.

Jumapili, 10 Julai

Lori lilisimama saa nane mchana. Luhende hakupiga honi. Alishuka akiwa na bakuli letu la bati mkononi, nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilipoliona bakuli nilifurahi, kwa kuwa ina maana kamwona.

"Asmaa," alisema.

Hajawahi kuniita jina langu.

Bibi akatoka. Luhende alimwamkia, akaomba kiti, akasimulia akitazama chini. Amempata mzee Bukuru bila shida, kambini wanamjua kwa mtungi. Nimpaye alifariki siku ile ile ya Ijumaa, ndani ya basi. Alikuwa amejipiga sindano asubuhi akitegemea chakula cha mchana. Njiani alikaa dirishani. Baba yake alimwona anapepesuka kidogo, akamwambia ale pipi.

"Mzee anasema binti alitoa moja, akaishika," Luhende alisema. "Halafu akasema, 'Siwezi kabla ya namba. Namba iko kwa Asmaa. Tukifika nitauliza wauguzi.' Akaegemea kioo. Mzee alidhani amelala. Alikuwa amezoea wiki hiyo kumwacha alale."

Bibi alisema, "Innalillahi." Baba alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, kopo la kupimia mkononi.

"Hana kinyongo," Luhende alisema. "Amenisisitiza niseme hivyo. Anasema zile siku tatu yeye na binti walilala. Mashine ameirudisha, anasema kuna mgonjwa mwingine. Kifungo walimzika nacho, pamoja na ile pipi mkononi. Hakutaka wamchubue."

Kisha akanipa bakuli. Ndani kulikuwa na mashine, na pipi saba.

Niliwasha. Siku 1 imebaki. Siku zote zile, tisa, nane, saba, sita, tano, nilikuwa nahesabu siku za kifungo kilichoko chini ya udongo wa Kibondo.

Bibi alikaa karibu nami kitandani mpaka magharibi. Mwishowe alisema, "Mimi ndiye niliyekwambia ngoja ziive."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyeandika kanuni."

Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba hapana.

Jumatatu, 11 Julai

Shule imefunguliwa. Asubuhi mashine iliandika: kihisi kimekwisha, weka kipya. Niliizima nikaifunga kwenye leso. Itakwenda kwa Sista Clotilda Alhamisi.

Kipindi cha pili, biolojia. Mwalimu Philbert alikuwa anachora figo ubaoni. Mikono yangu ikaanza kutetemeka, jasho likatoka shingoni. Vipimo vya kidole nilivisahau nyumbani. Zamani ningeinua mkono kuomba ruhusa, nikala nyuma ya choo.

Nilitoa pipi moja ya Nimpaye nikaifungua. Karatasi ililia, darasa zima likageuka.

"Asmaa, unakula?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Sukari yangu imeshuka."

"Umepima? Ni ngapi?"

"Sijui, Mwalimu. Nakisia."

Nilikula mbele yao wote, nikilia, mpaka ikaisha.

Zimebaki sita.